Kukaza na Kuganda: Khabari ya Kiswahili cha Unguja na Khati Zake



Liko neno la Kiingereza ambalo vijana wetu wa skuli hukutana nalo karibu katika kila somo, na kila somo likawaambia jambo jengine. Neno lenyewe ni fixation. Mwalimu wa elimu ya viumbe hulitaja akisomesha khabari za kunde na mbaazi, namna vijidudu vilivyomo katika vifundo vya mizizi yake vinavyoinasa naitrojeni iliyomo hewani na kuifanya chakula cha mmea, hata mkulima wa Unguja akipanda kunde baina ya mihogo ardhi yake ikapata nguvu bila ya mbolea ya dukani. Daktari wa mifupa hulitaja akiufunga mfupa uliovunjika kwa vyuma. Mpiga picha hulitaja akiwa katika chumba chake cha kiza. Na daktari wa maradhi ya akili hulitaja kwa mtu ambaye moyo wake umenaswa na jambo moja, hawezi kulitoka. Mtoto akirudi nyumbani akamuuliza baba yake, "Neno hili kwa Kiswahili ni nini?", baba hutazama dari.

Mimi naona jawabu lake ni maneno mawili wala si moja: kukaza na kuganda. Kukaza ni kulifanya jambo lithibiti lisiondoke. Kuganda ni kulishika jambo hata wewe mwenyewe ukashindwa kuondoka. Waingereza wameyatia yote mawili katika neno moja. Sisi tumeyatenga, na katika kutenga huko mna faida. Kwani lipo jambo kubwa lililotokea hapa kwetu Unguja, nalo ni kukazwa kwa lugha yetu yenyewe, hii ninayokuandikia sasa, na watu wengi wamelisikia nusu nusu. Nataka nikueleze nani aliyeikaza, kwa njia gani, na kitu gani kilikwenda na maji wakati wa kukazwa kwake.

Lakini kwanza tulijue neno. Liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, na waliolitumia mwanzo ni mafundi wa kimiya, wale waliokuwa wakitafuta njia ya kugeuza madini duni yawe dhahabu. Elimu hiyo Wazungu waliipokea kwa Waarabu, na jina la Jabir bin Hayyan lilikuwa likiheshimiwa huko kwao kwa matamshi ya Geber. Mafundi wa Kiarabu waliviita vitu virukavyo kwa moto, kama zebaki, kiberiti na nushadiri, kuwa ni roho. Na vile visivyoruka, kama dhahabu, shaba na chuma, kuwa ni viwiliwili. Kazi kubwa ya fundi ilikuwa kuikamata roho irukayo na kuifanya ikae juu ya moto isiruke. Kazi hiyo kwa Kiarabu iliitwa tathbiti, nasi tunayo maneno ya ukoo huo huo: thabiti, thibiti, kuthibitisha. Dhahabu hawakuipata, lakini elimu ya kemia ilizaliwa humo. Basi maana ya mwanzo ya neno hili ndiyo hiyo ya kukaza. Ile ya moyo kunaswa ni changa mno. Ilianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maandishi ya daktari Sigmund Freud wa Vienna, na humo nitarudi baadaye.

Kazi iliyolifikisha jambo hili katika majumba yetu ni ya picha. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alikwisha kueleza namna mwanga unavyopita katika tundu ndogo ya chumba chenye kiza na kuchora sura ya kitu kilichoko nje, hata jua likiwa limepatwa likaonekana ukutani kama mundu. Sura basi ilikuwa yapatikana. Kuikaza ndiko kulikokosekana, na ilichukua miaka kama mia nane. Mwaka 1802 Waingereza wawili, Thomas Wedgwood na Humphry Davy, walitangaza kwamba wamepata vivuli vya majani na vya vitu vyengine juu ya karatasi na ngozi iliyopakwa chumvi ya fedha. Lakini kila wakizitoa karatasi hizo mwangani, mwanga uliendelea na kazi yake na karatasi nzima ikawa nyeusi. Ikawalazimu kuziweka kizani na kuziangalia kwa mshumaa. Mwenzao, John Herschel, ndiye aliyegundua mwaka 1819 kuwa iko chumvi inayoyeyusha zile chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumiwa kwa picha. Wapiga picha wameizoea kwa jina la haipo.

Katika Mji Mkongwe kazi hii ilifanywa miaka mingi na mafundi wa Kigoa, A. C. Gomes na ndugu wawili wa nyumba ya Coutinho wakiwamo, kisha na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Wengi wa wazee wetu waliokwenda kupigwa picha na joho na jambia, au mabibi waliokaa kitako na watoto wao mbele ya pazia lililochorwa nguzo na mauwa, walipitia mikononi mwa mafundi hao.

Sasa, msomaji, nakuomba uliangalie sana jambo moja katika kazi ya chumba cha kiza, kwani ndilo litakalotufahamisha yanayofuata. Watu wengi hudhani kwamba dawa ya kukazia huongeza kitu katika picha, kama vile sala au gundi, ikaishikisha. Sivyo. Karatasi ikitoka katika dawa ya kwanza, sura yote imekwisha kuonekana, nyeusi yake na nyeupe yake. Lakini katika karatasi hiyo zimebaki chumvi za fedha ambazo hazijaguswa na mwanga, nazo zina uwezo wa kugeuka wakati wowote. Dawa ya kukazia huziyeyusha hizo, na maji yakazichukua. Kwa hivyo kukaza picha ni kuondoa. Huondolewa kila kilichokuwa bado chaweza kuwa kitu chengine. Na asiyeosha vizuri, picha yake baada ya miaka huwa manjano, kisha ikafifia.

Tuje kwenye lugha.

Kabla ya Wazungu kuja, Kiswahili kilikuwa kikiandikwa karne nyingi. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila mji ukiandika kwa ulimi wake. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko Pate mwaka 1728. Bibi Mwana Kupona binti Mshamu alimwandikia binti yake wasia kwa nadhimu mwaka 1858. Hapa Unguja Hamed bin Muhammed al-Murjebi, huyo waliyemwita Tippu Tip, aliandika khabari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa khati ya Kiarabu kabla ya kufa mwaka 1905. Na sisi tunaisoma leo kwa herufi za Kizungu kwa kuwa Mjerumani Heinrich Brode aliigeuza. Barua za biashara, wasia, hati za wakfu, madai mbele ya makadhi, yote yakiandikwa hivyo. Wala hakuna aliyesema kwamba Kiamu ndicho sahihi na Kimvita ni kosa, au kwamba mtu wa Tumbatu aseme kama mtu wa Shangani. Washairi walikuwa na miiko yao, na wengi wakipenda Kiamu na Kimvita kwa nadhimu. Lakini hiyo ilikuwa ada ya fani, si amri.

Kiunguja nacho kilikuwa na nguvu ya namna nyengine. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipoufanya mji huu makao yake, katika miaka ya 1830 na 1840, misafara ilikuwa ikivuka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji mpaka Kongo, na lugha ya misafara ni ya wenye mali na wapagazi wa upande huu. Kwa hivyo nisemapo kwamba Kiunguja kilichaguliwa, usidhani kilichaguliwa kwa utamu wake, ingawa sisi watu wa Unguja twapenda kusema hivyo. Kilichaguliwa kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kusafiri.

Mwaka 1864 alifika hapa padri Edward Steere wa misheni ya Universities. Alikaa na watu wa mjini, akawasikiliza, akaandika waliyomhadithia, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na maneno ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Baadaye akawa askofu, na kanisa lililoanzwa mwaka 1873 pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ni kazi yake; humo ndimo alimozikwa mwaka 1882. Tumpe haki yake: alikuwa na sikio zuri na alikuwa na bidii. Lakini zaidi ya hayo alikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliokombolewa katika utumwa wakifunzwa kupanga herufi. Maneno yakitoka katika mtambo huo yalitoka kwa namna moja, kwa herufi za Kilatini, yakaenda bara katika mizigo ya wamisheni.

Hapa pana jambo ambalo hatupendi kulisema sana, nami nitalisema. Mtambo hata sisi tulikuwa nao. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alileta hapa Unguja mtambo wa kupiga chapa kwa herufi za Kiarabu, na ukafanya kazi kubwa ya kheri: ulitoa vitabu vya fiqhi, khasa vya madhehebu ya Ibadhi, vikasomwa mpaka Oman na Algeria. Vilikuwa vitabu vya Kiarabu. Wanavyuoni wetu waliona kwamba Kiarabu ni lugha ya elimu na Kiswahili ni lugha ya kusomeshea kwa mdomo. Sheikh husoma ibara ya Kiarabu, kisha huifasiri kwa Kiswahili, na kile Kiswahili kikabaki barazani hapo hapo msikitini. Herufi tulikuwa nazo, mtambo ulikuwapo, wajuzi wa nahau walijaa mji huu. Sarufi ya Kiswahili ikaandikwa na padri. Mimi simlaumu padri kwa hilo.

Kisha serikali zikaingia. Wajerumani upande wa Tanganyika walitumia Kiswahili katika utawala wao, wakaanza kwa kuzikubali barua za khati ya Kiarabu, kisha wakaelekea herufi za Kilatini katika skuli zao. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakajikuta wanazo nchi nne zenye Kiswahili na kila skuli ina tahajia yake. Mwaka 1925 palifanywa mkutano wa elimu Dar es Salaam, ukataka lugha iwe na namna moja ya kuandikwa. Mwaka 1928 wakakutana Mombasa. Huko palikuwa na mvutano: wamisheni wa Mombasa walitaka Kimvita, lugha ya washairi wakubwa na ambayo wao waliishughulikia tangu Krapf alipofika mwaka 1844, wamisheni wa Unguja wakataka Kiunguja. Profesa Carl Meinhof wa Hamburg alikuwapo. Kiunguja kikashinda. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu watupu; Waafrika walikuja kutiwa baadaye. Kitabu cha skuli kikitungwa hupelekwa kwa kamati, ikakisoma na kukisahihisha, na kikipita hupata idhini yake. Mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili zilizoanzwa na Johnson, naye alikuwa amekwisha kufa, na tangu hapo neno likiulizwa jawabu lilikuwa, "Tazama katika kamusi."

Mwaka huo huo wa 1930, kumbuka, Oza alikuwa akifungua studio yake ya picha katika mji huu. Kazi mbili za kukaza, moja ya sura na moja ya maneno, na zote mbili zilikwenda kwa kanuni moja: kila kilichokuwa chaweza kugeuka kiliondolewa.

Faida iliyopatikana hatuwezi kuikanusha. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Wete husoma kitabu kimoja. Ile kamati mwaka 1964 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikatoa mwaka 1981 kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kazi ambayo ilikuwa imechelewa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Lugha isiyokazwa isingefika huko.

Ama kilichoondoka, tukitazame kwa mifano ya nyumbani. Mama akikwambia katika mwezi wa Ramadhani, "Nimo katika saumu", na jikoni akasema, "Nipe kitunguu saumu", kwa herufi za kamusi maneno hayo mawili ni moja. Kwa khati ya wazee wetu la kwanza ni kwa swadi, la pili ni kwa tha, na wapo wengi mjini ambao mpaka leo husema thomu kwa sababu hiyo. Sura ya mtu na sura ya Qur'ani ni vivyo hivyo: moja kwa swadi, moja kwa sini. Khabari ikaandikwa habari, khasa ikawa hasa, na vijana wakaanza kutamka walivyoandikiwa. Hata sauti zetu wenyewe zisizo za Kiarabu hazikusalimika. Paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa pwani, mtu wa Mombasa au wa Lamu huyatenga kwa pumzi ya mdomo wake. Katika kitabu hayatengeki.

Nisije nikadhaniwa naipamba khati ya Kiarabu kuliko haki yake. Nayo ilikuwa na dhiki zake, na aliyepata kusoma barua za zamani anazijua. Haina e wala o zilizo mbali na i na u, basi kuku wa kuchinja na koko ya embe zaandikwa namna moja. Haina pe, na waandishi wasioitumia ile ya Kiajemi huandika ba, hata mtoto akiandika kwamba ataka pipi, babake akasoma kwamba ataka bibi. Wanavyuoni wa pwani, khasa wa Mombasa, walilijua jambo hili na wakatia alama za kuzitenga sauti hizo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alitoa Sahifa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha khati ya Kiarabu, mwaka ule ule wa kamati. Kwa hivyo njia ya kuitengeneza khati hiyo ilikuwapo na ilikuwa imeanzwa. Ilikatwa katikati.

Pengine msomaji atasema, mbona hata Msahafu ulikazwa, na nakala nyengine zikaondolewa? Ni kweli, na mfano huu wafaa kutazamwa, kila kitu kikiwekwa katika daraja yake, kwani neno la Mwenyezi Mungu halilinganishwi na lugha ya sokoni. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (644–656), Hudhayfa bin al-Yaman alirudi kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan amefadhaika kwa kuwaona Waislamu wakikhitalifiana katika kusoma. Khalifa akaziomba zile sahifa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, akamweka Zayd bin Thabit pamoja na Makureshi watatu, akawaagiza kwamba wakikhitalifiana na Zayd waandike kwa ulimi wa Makureshi. Nakala zikapelekwa mijini, na nyenginezo zikachomwa. Ulimi mmoja ukachaguliwa katika ndimi za Waarabu, kama unavyoona. Lakini angalia namna ilivyofanywa. Waliokaa kuandika ni wenyewe, waliohifadhi Qur'ani vifuani, walioisikia kwa Mtume, swalla llahu alayhi wasallam. Na maandishi yao hayakuwa na nukta wala irabu. Hizo zilitiwa baadaye, kidogo kidogo, kwa kuwakhofia wasiojua. Visomo vilivyopokewa kwa mapokezi sahihi vikaendelea kusomwa juu ya maandishi hayo hayo, na mpaka leo Sudan wako wasomao kwa Duri na Morocco kwa Warshi, na sisi kwa Hafsi, wala hatugombani. Kukaza huko kuliacha pahala pa pumzi. Kamati ya 1930 haikuwa na mmoja katika wenye lugha mezani pake, na tofauti iliyoikuta iliihesabu kuwa ni kosa la kusahihishwa.

Sasa nirudi kwenye ile maana ya pili, ya kuganda, kwani kukaza kukipita mpaka huzaa hiyo.

Freud alisema kwamba akili ya mtu yaweza kubaki imeganda katika hatua moja ya utoto wake hali mwili wake umekua. Si kila alilolisema mtu huyu lafaa kuchukuliwa. Lakini moyo kunaswa na jambo moja wataalamu wetu walilijua zamani, wakaliita wasiwasi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaieleza wasiwasi peke yake kuwa ni fikra zinazomrudia mtu bila ya kuzitaka, akaitenga na huzuni na hasira na khofu. Imamu Ibn Qudama aliandika risala ya kuwalaumu wenye wasiwasi. Sisi sote tumewaona: mtu amekaa birikani anarudia kuosha mkono ule ule, imamu anatoa salamu na yeye bado hajatoka kwenye udhu. Twahara ni jambo lililothibiti. Yeye ameganda nayo, na swala ya jamaa imempita.

Katika lugha nako tumeganda, tena kwa pande mbili zinazotazamana. Wako wazee waliodhani kwamba herufi za Kizungu zenyewe zina dhambi, na Kiswahili kikiandikwa kwazo hakina baraka. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mtoto wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1912 na kufia Oman mwaka 1982, hakupoteza wakati wake kujibizana. Aliitoa tafsiri yake ya Qur'ani mwaka 1969 kwa herufi hizo hizo, kwa kuwa ndizo wasomazo watu, na ikaingia katika majumba mengi kuanzia Lamu mpaka Kilwa.

Upande wa pili ni wa walioganda na kamusi. Hawa ni wengi zaidi siku hizi, na wana cheo. Mtoto wa Makunduchi akija skuli ya mjini na Kikae chake huchekwa darasani, na mwalimu akacheka pamoja nao, kana kwamba mtoto amekuja na uchafu mguuni. Naye mwalimu huyo ikifika Julai hupanda gari kwenda Makunduchi kutazama Mwaka Kogwa, na hilo kogwa ni neno la Kikae, hulitamka bila ya kulisahihisha. Baraza la Kiswahili Zanzibar limeliona jambo hili; mwaka 2010 lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha, lenye maneno ya kwetu ambayo kamusi za bara haziyajui, na limefanya kazi ya kukusanya maneno ya lahaja za visiwani. Mababu wa hawa wanaochekwa walikuwa wakisema hivyo kabla ya Mji Mkongwe kuwa na nyumba ya mawe hata moja.

Ama khati, dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa chuoni aliyefika hata nusu ya juzuu amma amekwisha kuzijua herufi zote. Kinachomzuia kuisoma barua ya bibi yake ni kwamba hajapata kuambiwa kwamba herufi zile zaweza kubeba Kiswahili. Mwonyeshe pe, che, ve na ga, mfahamishe kwamba i aijaribu na kuwa e, na u aijaribu na kuwa o, mpaka neno lilete maana, na kwamba ba huenda ikawa ni mba. Jioni chache baada ya magharibi zatosha. Mtoto atacheka sana akifika kwenye pipi na bibi, na kucheka huko kutamsaidia kukumbuka.

Tena anzeni na zile picha. Katika majumba ya pwani, ndani ya masanduku na nyuma ya vioo vya ukutani, zimo picha za studio za miaka ya nyuma, na nyingi zimeandikwa nyuma yake kwa khati ya Kiarabu: jina la aliyepigwa, pengine jina la babake, siku na mwezi wa Kiislamu. Sura imekazwa vizuri, haijafifia. Wajukuu huishika mkononi na kuulizana huyu ni nani. Mpelekee mzee mmoja aliyebaki mtaani ambaye bado anaisoma khati hiyo, akusomee polepole, na wewe uandike chini yake kwa herufi za skuli. Tumia penseli laini na uandike pembeni, kwani wino hupenya karatasi ukaharibu uso wa mbele.